Mrejesho: Mpira wa kuoshea gari nyumbani, Tabata

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini mpira wangu wa nusu inchi, mita 30 kutoka kwenye simtanki, unatoa maji kidogo na kuvuja pale kwenye koki. Mliosema mpira mwembamba na mrefu unakula presha mlikuwa sahihi kabisa. Nimenunua wa robo tatu pamoja na kiungio chake, mita 15 tu. Ncha iligoma kuingia. Nikaichovya kwenye maji ya moto, ikalainika, ikazama hadi mwisho, nikakaza klempu kwa bisibisi. Nyuzi za koki nimezizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Hata tone halidondoki! Tanki liko juu mita 3 tu, kwa hiyo maji hayaruki kwa nguvu, lakini tope la matairi linatoka. Asanteni sana, pampu sinunui tena.