Tupeane uzoefu: muda wa mzunguko mmoja uwanjani na namna ulivyoliandaa gari lako

Ndugu wanachama, mada hii nimeifungua kwa sababu moja. Mara nyingi mtu anapotaja muda wake wa mzunguko mmoja katika uwanja wa mbio, maelezo huishia kwenye namba na aina ya turbo aliyofunga, na sisi wengine hatujui alivaa tairi gani, zilikuwa na upepo kiasi gani, wala siku hiyo hewa ilikuwa na nyuzi ngapi. Muda wa namna hiyo unafurahisha kusoma, lakini haumsaidii mtu anayetaka kujua aanze na nini katika gari lake. Kwa hiyo naomba tusimulie kwa ukamilifu: uwanja, gari, tairi, breki, alaimenti (mpangilio wa pembe za tairi) na hali ya hewa, kisha ndipo muda ufuate. Nawakusudia watu wa kawaida tunaolipa ada ya siku, tukaingia uwanjani na magari yaleyale yanayoturudisha nyumbani jioni.

Naanza mimi mwenyewe. Niko Japani katika biashara ya kusafirisha magari yaliyotumika kwenda Mombasa na Dar es Salaam, na uwanja ulio karibu nami ni Tsukuba, katika mkoa wa Ibaraki. Mzunguko wake mkubwa una urefu wa mita 2,045 tu, lakini ndio uwanja ambao mafundi wa Japani wameutumia kwa miaka mingi kupimia magari yao, na gari lililoundwa mahususi kwa kazi hiyo huhesabiwa kuwa limefika pale linaposhuka chini ya dakika moja. Sisi wa wikendi tuko mbali na huko. Uzuri wa Tsukuba ni kwamba upimaji wa muda unaruhusiwa na kifaa chake hufungwa garini kabla ya kuingia, hivyo hakuna ubishi wa saa ya mkononi.

Gari langu ni Toyota Altezza RS200, yenye injini ya 3S-GE ya lita mbili isiyo na turbo, nguvu za farasi 210 kwa hesabu ya kiwandani, na gia sita za mkono. Nyumbani wengi wana AS200, ile ya 1G-FE yenye silinda sita, kwa hiyo wasishangae namba zetu zikitofautiana. Asubuhi moja ya baridi, likiwa na tairi za kawaida na kila kitu cha kiwandani, lilizunguka kwa dakika 1 na sekunde 14.6. Lakini huo ulikuwa mzunguko wa pili. Kufikia wa tano kanyagio la breki lilikuwa linazama, na muda ulikuwa umeharibika kabisa.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ilikwenda kwenye breki. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, na ya DOT 4 kwenye nyuzi 230, kwa kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria. Yakishanyonya unyevu wa hewani kiwango hicho hushuka hadi 140 na 155. Ndiyo maana gari lenye mafuta ya miaka mitatu linaweza kuwa salama mjini, likakosa breki uwanjani ndani ya dakika kumi. Niliweka mafuta ya mbio yanayovumilia zaidi ya nyuzi 300 pamoja na padi zinazohimili joto. Muda wangu bora haukubadilika hata kidogo, ila mzunguko wa saba ulianza kufanana na wa pili, na mtu akipata mizunguko saba inayofanana ndipo anapoweza kujifunza jambo.

Kilichofuata ni tairi. Nilibakiza kipimo cha kiwandani, 215/45R17, nikavaa Yokohama Advan A052, na peke yake ikaondoa sekunde 2.1. Hakuna kitu kingine nilichowahi kukifunga kilichokaribia hapo. Kisha alaimenti: tairi za mbele zilikuwa zimelala kwa ndani, upande wa juu, kwa chini ya nyuzi moja, na kwa kutumia mikono ya juu inayorekebishika nikazilaza hadi nyuzi tatu. Sekunde 0.8 nyingine zikatoka, na bega la nje la tairi likaacha kuliwa. Shokamzoba na springi vilileta sekunde 0.6, lakini baada ya marekebisho mengi, na mwanzoni gari lilikuwa gumu kiasi cha kurukaruka kwenye Dunlop, ile kona ya katikati ya uwanja. Ekzosi na kichujio cha hewa cha wazi vilileta sauti. Leo, baridi ikiwa chini ya nyuzi 10, gari linazunguka kwa 1:11.1, lakini katika joto la mwezi wa nane, bila kuguswa chochote, linashindwa kushuka chini ya 1:13.

Kuhusu upepo: naingia na psi 27 tairi zikiwa baridi, na nikitoka tu napima kabla hazijapoa, zikisoma 33 hadi 34 naridhika. Anayepima nyumbani baada ya safari ya kurudi anapima kitu kingine.

MCHANGIAJI WA NAIROBI

Ahsante kwa mada, ndugu. Kwetu Kenya mambo yanaanzia mahali tofauti, kwa kuwa wengi wetu tunapima muda kwenye moramu, katika mashindano ya autokrosi kama yale ya Jamhuri Park. Huko ushauri wako wa tairi za lami na springi ngumu ungemchelewesha mtu. Gari langu ni Subaru Impreza ya umbo la GC8. Nililiinua badala ya kulishusha, nikaweka springi laini kuliko za lami na tairi nyembamba zinazochimba, pamoja na bamba la kukinga sampu, yaani bakuli la mafuta chini ya injini. Gari gumu kwenye moramu linaruka juu ya mashimo, na tairi iliyo hewani haisukumi wala haifungi breki. Camber, yaani ule mlalo wa tairi, nimeiacha karibu nyuzi moja, kwa kuwa moramu haishiki tairi kiasi cha kulilaza gari sana kwenye kona.

Ningependa tuzungumzie na mafuta, jambo ambalo wewe uliye Japani huenda hulioni. Petroli ya daraja la juu huko ina oktani (uwezo wa kutojiwasha kabla ya cheche) karibu 100, na injini za Subaru za EJ20 zenye turbo zilizouzwa Japani zilipangiwa mafuta hayo. Zikifika kwetu zinakunywa petroli ya oktani ndogo, kompyuta inasikia injini ikigonga na kurudisha nyuma muda wa cheche, na nguvu uliyosoma kwenye karatasi inapotea. Mwenye bahati mbaya anapasua pistoni. Kabla mtu hajaongeza msukumo wa turbo, alipeleke gari kwa fundi wa kompyuta aipange injini upya kwa mafuta yanayouzwa kwenye kituo chake cha kila siku. Mimi nilipunguza msukumo kidogo, na muda wangu kwa duru ukawa bora, kwa sababu injini haikatizi tena katikati ya kona.

Tukumbuke pia kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe. GC8 na Mitsubishi Evo za zamani zilizopo nchini ndizo hizohizo, na anayezivunja kwa pupa asitegemee kupata nyingine kwa urahisi.

MCHANGIAJI WA COLOGNE

Nitasema machache, maana mimi muda sina, na sina kwa makusudi. Naendesha Nürburgring, kwenye Nordschleife yenye kilomita 20.8, siku ambazo uwanja hufunguliwa kwa umma. Siku hizo uwanja unahesabiwa kuwa barabara ya kulipia: sheria za barabarani za Ujerumani zinatumika, kupita ni upande wa kushoto tu, na kupima muda ni marufuku. Ukigonga kingo za chuma unalipia ukarabati wake, tena pamoja na gharama za kuwaita wahudumu. Bima nyingi za kawaida humkataa mtu aliyeonekana kuwa anashindana na saa.

Wanaopima kimya kimya huhesabu kutoka kwenye daraja la mwanzo hadi kwenye fremu ya mwishoni, kama kilomita 19, kwa kuwa sehemu iliyobaki hupitiwa polepole kuelekea kwenye vizuizi. Kwa maoni yangu, ukiona mtu amejisifu kwa muda wa huko kwenye siku ya umma, usiuchukue kuwa kigezo: alikutana na magari mangapi ya mwendo wa polepole, hawezi kukueleza. Uwanja unaopanda na kushuka kwa karibu mita 300 nao hauna hali moja ya hewa. Nimeondoka kwenye jua nikakuta mvua upande wa msitu.

MCHANGIAJI WA DUBAI

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafanya kazi hapa, na uwanja wangu ni Dubai Autodrome, ule mzunguko mfupi wa kilomita 2.46. Mwenzetu wa Japani amesema joto lilimnyang'anya sekunde mbili. Huku joto linaweza kukunyang'anya injini. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo nguvu inapungua, na wakati huohuo rejeta na mafuta ya injini havina pa kutupia joto. Katika Toyota GT86 yangu, ambayo haina turbo, mafuta ya injini yalikuwa yakipita nyuzi 130 baada ya mizunguko michache ya nguvu. Nikafunga kipoza mafuta chenye valvu ya joto, na sasa yanatulia karibu na 110. Muda bora ulipungua kwa kiasi kisichofika nusu sekunde, ila naendesha dakika kumi na tano mfululizo badala ya tano.

Wenye Subaru za turbo waangalie pia sampu. Kwenye kona ndefu mafuta hukimbilia upande mmoja na pampu ikavuta hewa, na beringi za mhimili haziwezi kuvumilia hilo kwa zaidi ya muda mfupi. Vizuizi vya ndani ya sampu ni bei ndogo ukilinganisha na injini.

Hata hivyo, ingawa mwenye mada alianza na breki na tairi, sikubaliani kwamba nguvu isubiri siku zote. Uwanja wenye njia ndefu iliyonyooka unamlipa mwenye farasi wengi, na nimeona magari mazito yenye V8 yakiniacha hapo kisha nikiyakuta kwenye breki. Je, huko Tsukuba nako ni hivyo?

JIBU LA MWENYE MADA

Wa alaykum salaam, ndugu. Ni hivyo kwa sehemu. Njia ya nyuma ya Tsukuba inaanzia kwenye kona kali ya pili, na rekodi ya GPS inaonyesha kwamba nikikanyaga mafuta mapema kidogo wakati wa kutoka kwenye kona hiyo, naongeza kilomita nne hadi tano kwa saa mwishoni mwa njia iliyonyooka. Kwa injini yangu, kuipata kasi hiyo kwa kuongeza nguvu kungetaka farasi 25 hivi, na 3S-GE isiyo na turbo haitoi farasi 25 bila kufunguliwa kichwa. Kwa V8 hesabu ni nyingine, kwa kuwa nguvu unayo tayari na kinachokosekana ni breki na tairi za kuihimili. Nakuomba uniandikie upepo wa tairi zako za mbele na nyuma zikiwa moto, pamoja na joto la lami ikiwa unalo kipimo chake, nilinganishe na hali yetu ya mwezi wa nane.