Zaza Atoke kwa Mlango Upi?

Gumzo la kikundi cha ukoo

Kassim (London), Jumapili, saa 2:10 usiku
Asalaam aleikum ukoo mzima. Shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba. Naandika kwa kirefu kwa sababu jambo hili nimelinyamazia kwa miezi 3 na sipendi mlisikie kwa watu wa nje. Kikundi chetu cha maigizo kimepata haki ya kuonyesha La Cage aux Folles, tamthilia ya muziki na vichekesho ambayo nyimbo zake zilitungwa na Jerry Herman na maneno ya igizo yakaandikwa na Harvey Fierstein, nami ndiye mwongozaji. Tutaicheza kwa usiku 6 katika ukumbi wa viti 72 ulioko ghorofani, juu ya duka, kusini mwa London. Ni hadithi ya wanaume wawili, Georges na Albin, wanaoishi pamoja kama wapenzi huko Saint-Tropez, Ufaransa. Georges anaendesha klabu ya usiku, na Albin ndiye nyota wa klabu hiyo, akivaa gauni na kuimba kwa jina la Zaza. Wamemlea pamoja mtoto wa kiume wa Georges tangu udogoni. Kwenu nyote naomba dua, na kwa Shangazi naomba cherehani.

Mjomba Saidi (Muscat), saa 2:41 usiku
Marahaba mwanangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Msimamo wangu wa dini mnaujua, sina haja ya kuusimulia upya. Nauliza jambo moja tu, na ninauliza kwa nia ya kuelewa: ikiwa mnataka watu hawa waheshimiwe, kwa nini mmechagua kichekesho? Mtu akilipa kiingilio ili acheke, atamcheka mwanamume aliyevaa gauni, kisha atarudi nyumbani na dharau ile ile aliyokuja nayo.

Kassim, saa 3:05 usiku
Mjomba, swali hilo ndilo tulilolijadili wiki nzima ya kwanza ya mazoezi, kwa hiyo nakushukuru kwa kuliuliza waziwazi. Kisa chenyewe ni hiki. Yule kijana, Jean-Michel, anataka kumwoa binti wa mwanasiasa anayejinadi kwa kuwapiga vita watu wa aina ya wazazi wake. Wakwe wanakuja kula chakula cha jioni, na kijana anamwomba baba yake amwondoe Albin nyumbani kwa usiku huo mmoja, ilhali Albin ndiye aliyemlea. Baadaye wanaafikiana kwamba Albin abaki lakini ajifanye mjomba wa familia, na hapo ndipo Georges anapomfundisha jinsi ya kutembea na kukaa kama dume. Watu wanaangua kicheko katika onyesho lile, lakini ukisikiliza vizuri utagundua kwamba kinachochekwa ni mafunzo yenyewe, yaani ile kazi ngumu ya kujigeuza ili mgeni asikereke. Zaza akiwa na gauni lake hachekwi. Akiwa na gauni lake anashangiliwa.

Shangazi Mwanaisha (London), saa 3:20 usiku
Marahaba Kassim. Kwanza kazi. Hao wachezaji wa klabu ni wangapi, na gauni la huyo Zaza ni la kitambaa gani? Shanga za kushonwa kwa mkono zinakula siku 10, na mimi macho yangu si ya zamani.

Kassim, saa 3:34 usiku
Wachezaji ni 4, Shangazi, na Zaza anabadilisha mavazi mara 5. Tamthilia hii ilipofunguliwa New York mwaka 1983, katika ukumbi wa Palace, wachezaji wa klabu walikuwa 12, na 2 kati yao walikuwa wanawake, ili hadhira ikae ikibahatisha nani ni nani hadi wavue nywele za bandia. Ilidumu kwa maonyesho 1,761. Mwaka 1986 ikaletwa hapa London katika ukumbi wa Palladium wenye viti zaidi ya 2,000, na haikumaliza mwaka. Miaka ile ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa umeifanya mada yenyewe iogopwe, na mwaka 1988 ikapitishwa sheria iliyokataza serikali za mitaa nchini Uingereza kile ilichokiita kuendeleza mapenzi ya jinsia moja. Sheria hiyo ilifutwa Scotland mwaka 2000, na England na Wales mwaka 2003.

Sasa sikilizeni kilichofuata, kwa maana hapa ndipo nilipopata moyo wa kuithubutu kazi hii. Mwezi wa Januari 2008, katika ukumbi mdogo uitwao Menier Chocolate Factory, ambao zamani ulikuwa kiwanda cha chokoleti na una viti vipatavyo 180, mwongozaji Terry Johnson aliichukua tamthilia hiyo hiyo akaipunguzia ukubwa: bendi ndogo, wachezaji wachache, mapambo yaliyochakaa kidogo kama klabu ya kweli ya mji wa pwani inayohangaika kulipa kodi. Watu wakafurika. Mwaka huo huo ikahamia ukumbi mkubwa zaidi, na mwaka 2010 ikavuka hadi New York ikiwa na wachezaji 6 badala ya 12, ikashinda tuzo ya Tony ya tamthilia ya muziki iliyofufuliwa vizuri zaidi, naye Douglas Hodge aliyekuwa Zaza akashinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Ninaamini kabisa kwamba udogo wa ukumbi ndio ulioirudishia roho yake. Katika ukumbi mkubwa unaona manyoya na taa. Katika ukumbi mdogo unaona mtu aliyejipaka vipodozi na jasho linamtiririka shingoni, na huwezi kumtazama kama pambo.

Shangazi Mwanaisha, saa 3:52 usiku
Hilo nalielewa kuliko unavyodhani. Taarabu ya kwetu haikuanza kwenye viwanja vya mpira. Mwimbaji alikuwa karibu kiasi kwamba unainuka na noti yako, unamwendea ukicheza polepole, unamtunza huku unamtazama usoni, naye anakuimbia wewe peke yako ubeti uliokuchoma, na kila aliyeketi anajua fumbo limempata nani. Ukimweka mbali, wimbo unabaki sauti tu. Nitashona. Shanga nitatumia za utepe, zile zinazouzwa kwa yadi, kwani katika taa ya jukwaani hakuna atakayetofautisha.

Yusufu (Mombasa), saa 4:03 usiku
Hongera sana, Kaka. Nikiwa mwalimu wa fasihi nina mambo mawili. La kwanza ni wazo: kwa nini msihamishie kisa Lamu au Mombasa, Saint-Tropez nao si ni mji wa pwani? La pili ni tahadhari, nalo ni zito zaidi. Tafadhali tangazo la onyesho lisisambazwe kutoka kwenye kikundi hiki likiwa na namba au picha za watu wa huku. Mnajua kwamba mwezi wa Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165 vya kanuni ya adhabu, vinavyoadhibu mapenzi ya jinsia moja. Na mnakumbuka ya Kampala mwaka 2012, igizo lenye mhusika mkuu aliye mpenzi wa jinsia moja lilipochezwa katika kumbi ndogo tu: mtayarishaji wake, raia wa Uingereza, alikamatwa, na mwaka uliofuata akafukuzwa nchini. Ukumbi kuwa mdogo hakukumkinga mtu.

Kassim, saa 4:15 usiku
Tahadhari yako nimeipokea, Yusufu. Tangazo litabaki kwangu, na atakayelitaka aniombe faragha. Kuhusu kuhamisha kisa, haki tulizonunua haziruhusu kubadili mahali, maneno wala mpangilio wa nyimbo bila idhini ya maandishi, na hata kama zingeruhusu nisingetaka. Mchekeshaji wa Kifaransa, Jean Poiret, aliandika igizo la awali mwaka 1973 akiwa na Ufaransa yake akilini, Wamarekani wakalitia muziki, nasi tunalicheza London. Siku tutakapoandika la Lamu, tuliandike la Lamu, lenye vicheko vya Lamu.

Lakini nisaidie katika tafsiri ya maelezo. Nataka karatasi ya utangulizi iwe pia na ukurasa wa Kiswahili kwa ajili ya jamaa zetu wa huku, na sijui nimwite Albin nani. Kila neno ninaloshika lina mwiba.

Yusufu, saa 4:31 usiku
Mwiba huo ni wa kuangaliwa kwa makini. Neno linalotangulia kinywani mwa watu ni shoga, na siku hizi linatupwa kama jiwe. Lakini Shangazi na wenzake wa rika lake wanaitana shoga maisha yao yote, maana yake rafiki wa kike wa karibu, mtu wa siri yako. Neno la upendo limenyang'anywa wenyewe. Ningekushauri uepuke majina kabisa katika ukurasa huo na useme wanachofanya: wanaume wawili wanaopendana na wamelea mtoto. Hakuna msomaji wa Kiswahili atakayeshindwa kuelewa.

Shangazi Mwanaisha, saa 4:38 usiku
Na mimi neno langu sijaliachia. Nitaendelea kumwita mama Hafsa shoga yangu mpaka nife.

Dada Rukia (Leicester), saa 5:02 usiku
Nimekuwa nikisoma tu tangu mwanzo, na kila mara nikianza kuandika ninafuta. Kassim, ulipoeleza habari ya chakula cha jioni na Albin kuombwa aondoke kwa usiku mmoja, nilisimama nikaenda jikoni. Mwaka 2016, wiki mbili kabla ya harusi yangu, nilikupigia simu nikakuomba uje peke yako, ilhali kadi ilikuwa imeandikwa majina yenu wote wawili. Nilikwambia ni kwa sababu ya wakwe. Ulisema hakuna neno. Mwenzako alikuwa ameshanunua suti, naye ndiye aliyenitengenezea orodha ya nyimbo za ukumbini, na nyimbo zile zilipigwa usiku kucha yeye akiwa nyumbani. Sikuwahi kukuomba radhi. Nakuomba leo, mbele ya ukoo, na yeye nitampigia mwenyewe kesho.

Kassim, saa 5:09 usiku
Nimekusikia, dada yangu. Ndiyo, iliniuma, na ilimuuma yeye zaidi. Mpigie.

Shangazi Mwanaisha, saa 5:16 usiku
Rukia asiubebe mzigo huo peke yake. Simu ile ilikuwa yake, lakini maneno yalikuwa yangu. Nilimwita chumbani nikamwambia kwamba harusi ni ya siku moja na Kassim ataelewa. Nilijua ninachofanya. Niliogopa wageni watasema nini, na nikamtanguliza mgeni kuliko mwana.

Mjomba Saidi, saa 5:30 usiku
Nami nilikuwepo kwenye harusi ile, nikauliza mwenzake Kassim yuko wapi, nikaambiwa amepata dharura kazini. Niliridhika haraka mno. Msimamo wangu haujabadilika, na Kassim sitaki nikudanganye. Lakini kumkaribisha mtu kwa kadi kisha kumwondoa kwa simu si adabu tuliyolelewa nayo. Sasa niambie, huyo Albin baada ya kuambiwa aondoke, anafanya nini?

Kassim, saa 5:44 usiku
Ahsante kwa kuuliza, Mjomba, kwa sababu hapo ndipo nimekwama, na kufungua ni siku 12 tu zijazo. Albin anapewa habari hiyo katikati ya onyesho la klabu. Anawaondoa wachezaji wengine jukwaani, anasimama peke yake, na anaimba wimbo unaofunga sehemu ya kwanza, wimbo wa mtu anayesema kwamba yeye ndivyo alivyo na haombi msamaha. Mwishoni anavua nywele za bandia, anamtupia Georges, kisha anashuka jukwaani na kutoka nje kwa kupita katikati ya hadhira. Katika ukumbi wa watu 1,700 anayo safari ndefu, na muziki una muda wa kumsindikiza. Katika ukumbi wetu ni hatua 9. Upande wa nyuma wa jukwaa hauna njia, na mlango wa hadhira ni mmoja tu, mzito, wa kuzuia moto, unaojifunga wenyewe. Mara tatu katika mazoezi mwigizaji wetu amefika mlangoni akiwa na uchungu wote ule, akaanza kushindana na kitasa, na watu wakacheka mahali pasipofaa. Kuuacha wazi haturuhusiwi, ni kanuni ya moto.

Yusufu, saa 5:51 usiku
Na mkimweka mfanyakazi wa ukumbi aufungue?

Kassim, saa 5:55 usiku
Tulijaribu. Mfanyakazi mwenye fulana nyeusi na tochi anaonekana kama askari anayemtoa mtu nje, na maana yote inageuka: Albin hafukuzwi pale, anaondoka kwa miguu yake. Anayefungua lazima awe mtu wa kawaida aliyeketi miongoni mwa watazamaji, ainuke bila haraka noti ya mwisho inapoanza, amfungulie kwa heshima kama unavyomfungulia mtu mkubwa, kisha arudi kukaa.

Shangazi Mwanaisha, saa 6:02 usiku
Mlango wenyewe unafunguka kwa nje au kwa ndani?

Kassim, saa 6:03 usiku
Kwa nje, Shangazi. Unausukuma kwa kiganja, na inabidi uushikilie, la sivyo unarudi kwa nguvu.

Shangazi Mwanaisha, saa 6:07 usiku
Basi niwekee kiti cha mwisho, upande wa kitasa, kwa usiku zote 6. Nitavaa nguo ya kawaida. Na mwenzako mwekee kiti kilicho karibu na changu, nina neno la kumwambia kabla taa hazijazimwa.

Dada Rukia, saa 6:10 usiku
Mimi nichukulie usiku wa kwanza na wa mwisho. Tiketi 2 kila mara, mume wangu anakuja.