Daktari wa Kichina anasema usahaulifu wangu unatoka tumboni: naomba ushauri

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, habari za leo. Ninasoma shahada ya uzamili mjini Guangzhou. Kwa miezi minne sasa tumbo hujaa gesi kila nilapo, kichwa huwa kizito, na naweza kusoma ukurasa mmoja mara tatu nisikumbuke kitu. Daktari wa tiba ya jadi alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akanitaka nitoe ulimi, kisha akanionyesha kwenye kioo alama za meno pembeni mwake na utando mweupe juu yake, akasema bandama langu ni dhaifu. Amenipa vidonge vyeusi vya Gui Pi Wan na kunikataza vinywaji vya barafu. Nina shinikizo la damu pia. Bandama na kumbukumbu, wapi na wapi?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu yangu, usilichukulie neno hilo kama kiungo kilichopo ubavuni. Wao husema "pi", na humaanisha kazi nzima ya kugeuza chakula kuwa nguvu na kuisambaza mwilini. Kazi hiyo ikilegea, unyevu hujikusanya na kichwa huwa kama kimefungwa kitambaa kilicholowa. Tena "pi" ndiyo makao ya "yi", yaani uwezo wa kutia nia na kukariri. Hata kuwaza kupita kiasi huidhoofisha, na wewe ni mwanafunzi. Tabibu Li Dongyuan aliona watu wakifa kwa wingi baada ya mji wa Kaifeng kuzingirwa mwaka 1232, akaamini kwamba njaa, uchovu na hofu vilikuwa vimewaharibu matumbo, na mwaka 1249 akaandika kitabu kizima kuhusu "pi" na tumbo. Dawa yako inatokana na mchanganyiko alioandika tabibu Yan Yonghe mwaka 1253 kwa waliowaza mpaka wakawa wasahaulifu.

Mchangiaji wa pili (mfamasia)

Maelezo hayo ni mazuri kama falsafa, lakini hayatoshi kuwa kipimo. Katika vidonge hivyo huwamo gan cao, mzizi mtamu wa likorisi, ambao ukitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Kwa hiyo usivimeze kabla ya kuzungumza na daktari anayekutibu shinikizo. Omba upimwe wingi wa damu, vitamini B12, homoni za tezi ya shingo na bakteria wa vidonda vya tumbo. Uji wa moto na kuacha barafu havina madhara, endelea navyo. Je, kuna dawa ya tumbo unayotumia siku zote? Omeprazole ikitumiwa kwa miaka inaweza kupunguza ufyonzwaji wa B12, na upungufu wa B12 huleta usahaulifu.

Mleta uzi

Nashukuru sana, wakuu. Omeprazole naimeza tangu nikiwa Morogoro, huu ni mwaka wa tatu, na sikumwambia daktari yeyote kwa sababu sikuwahi kuihesabu kuwa dawa. Vidonge vyeusi nimeviweka kabatini; Jumatatu nakwenda kupima damu.