Niandike neno gani pale imani inaponitoka?

Mchuuzi wa Nafaka (Busia) ameuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenikalisha mezani kwa siku mbili. Ninaandika barua ya kujiuzulu katika kamati ya chama chetu cha akiba na mikopo hapa Busia, upande wa Uganda. Nimeamua kuiandika kwa Kiswahili kwa sababu wanachama wetu ni Wasamia, Wateso, Wasoga na majirani wanaovuka mpaka kila asubuhi, na hakuna lugha nyingine ambayo wote wataielewa bila mkalimani.

Kisa chenyewe si kirefu. Kwa miaka sita nilikuwa mtu wa kwanza kukisifu chama hiki sokoni, nikiwaingiza wenzangu mmoja mmoja. Mwaka jana nilichaguliwa kuingia kamatini, nikaonyeshwa kitabu cha hesabu kwa mara ya kwanza. Mikopo ya wanachama wa kawaida ilikuwa imeandikwa kwa wino, na ile ya viongozi kwa penseli, na karatasi mahali pale ilikuwa imekuwa nyembamba kwa kufutwafutwa. Sikugombana na mtu. Ila tangu siku hiyo, kila mwenyekiti anaposema kwamba sisi ni familia moja, mimi naiona ile karatasi.

Katika rasimu ya kwanza niliandika "nimekata tamaa", binti yangu akaniuliza kama nimeacha biashara. Nikabadilisha nikaandika "nimevunjika moyo", mama watoto akasema wanachama watakuja kunipa pole na kilo ya sukari. Ninatafuta neno la kumweleza mtu aliyekiamini kitu kwa dhati, kisha akaja kukijua kilivyo, na ile imani ikaondoka. Huzuni imo, lakini kufumbuka macho pia kumo. Je, lipo?

Mwalimu wa Mbale amejibu:

Ndugu Mchuuzi, binti yako na mama yake wameligusa tatizo penyewe. Kukata tamaa ni jambo linalotazama mbele: aliyekata tamaa ya kupona haioni tena siku atakayopona. Kuvunjika moyo ni habari ya nguvu za kuendelea, na mtu anaweza kuvunjika moyo kwa sababu ya mvua tu, bila kugundua lolote kuhusu mtu yeyote. Hali yako wewe inatazama nyuma. Unakiangalia kile ulichokiamini na unagundua kwamba hakikuwa vile ulivyodhani hata siku ulipokuwa ukikisifu.

Ninakupendekezea kitenzi "kutamauka". Kimejengwa kwa namna ileile ya vitenzi vya kutendua, kama vile kunja na kunjuka, kwa hiyo ndani yake mnasikika tamaa iliyokuwapo na sasa imefunguka ikaachia. Wasomaji wa magazeti ya Kiswahili kutoka Kenya wamezoea kukutana na "matokeo ya kutamausha". Tahadhari yangu ni moja tu, usiandike nomino "utamaushi", maana hiyo imekwisha kuchukuliwa na wahakiki wa fasihi, hasa wanaozijadili riwaya za Euphrase Kezilahabi, wakimaanisha mtazamo wa kwamba maisha yenyewe hayana maana. Nadhani wewe hujafika huko kwa sababu ya penseli.

Askari Mstaafu (Jinja) amejibu:

Mwalimu, ninaheshimu elimu yako, lakini barua hii haisomwi darasani. Ni kweli kwamba marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na kwamba Baraza la Mawaziri mnamo Julai 2022 liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini watu wa umri wetu tulikiokota kambini, sokoni na kwenye malori. Mimi nimekitumia Kiswahili kazini maisha yangu yote ya jeshi na sikuwahi kumsikia afande yeyote akisema ametamauka. Msomaji akikwama kwenye neno hilo, ataliruka, na hilo ndilo neno lililobeba barua nzima.

Vilevile jihadhari na tafsiri za moja kwa moja kutoka lugha zetu. Kwa Kiganda tunasema *okuggwaamu amaanyi*, na wengi huligeuza wakaandika "niliishiwa nguvu", ambalo kwa Kiswahili ni la mtu aliyebeba magunia.

Ninachokushauri ni uandike "imani imenitoka". Kitenzi "kutoka" kikipewa mtu ndani yake hufanya kazi nzuri sana: usingizi umenitoka, homa imenitoka, pombe imemtoka. Ni kitu kilichokuwa ndani yako kweli, na kimeondoka chenyewe, wala hukukitupa. Tena kinakulazimisha useme ni imani ya nini, jambo ambalo neno moja la kisomi lingekuruhusu kulikwepa.

Msomaji wa Arua amejibu:

Nashangaa hakuna aliyetaja "kuzinduka". Siku hizi tunasikia tu kwamba waziri amezindua barabara, lakini neno hili lina ukoo wa kuvutia. Kuzindika ni kuweka kinga ya kiganga, kama vile kuizungushia nyumba dawa, na kuzindua ni kuiondoa kinga hiyo. Aliyezimia akirudiwa na fahamu amezinduka, na aliyezama katika mawazo akishtuka pia amezinduka. Ukilitazama hivyo, hakuna neno linaloikaribia zaidi hali ya mtu aliyekuwa kama amefungwa na dawa, halafu dawa ikaisha nguvu mbele ya kitabu cha hesabu.

Hata hivyo mimi nisingelitumia katika barua yako, kwa sababu mbili. Kwanza, halina huzuni. Mtu huzinduka na kushukuru. Pili, na hili ndilo kubwa, ukiwaambia wanachama kwamba umezinduka, unawaambia kwamba wao bado wamelala, na wengine ni wewe mwenyewe uliyewaingiza.

Askari Mstaafu amejibu:

Hilo la pili sikuwa nimelifikiria. Nakubali.

Mwalimu wa Mbale amejibu:

Nami ninamkubalia Afande kuhusu barua hii, ingawa sikubali kwamba neno liachwe kwa sababu kambi haikulitumia. Tukifanya hivyo kwa kila neno, watoto wanaojifunza sasa watakuja kuandika kwa msamiati wa sokoni peke yake. Ndugu Mchuuzi, ukiandika makala gazetini siku moja, nipe "kutamauka" hata mara moja.

Mchuuzi wa Nafaka ameandika:

Ninawashukuru nyote. Nimefuta aya nzima na kubakiza hii: "Chama hiki nilikiamini kuliko nilivyoamini kibubu changu cha nyumbani. Nilipopewa kitabu cha hesabu, imani hiyo ilinitoka, na sikupenda initoke." Maneno "sikupenda initoke" ndiyo niliyoyaweka badala ya huzuni. Habari ya penseli nimeiondoa, nisije nikaonekana ninamshitaki mtu.

Mwalimu wa Mbale amejibu:

Andika "nilivyokiamini kibubu changu", ili kibubu kiende sambamba na chama. Na penseli irudishe. Bila hiyo msomaji atajiuliza imani ilikutoka kwa sababu gani, na atajijibu mwenyewe, pengine kwa kukusingizia kwamba ulinyimwa mkopo. Huhitaji kumtaja mtu; sema tu ulichokiona kwenye karatasi.

Mchuuzi wa Nafaka ameandika:

Nimeirudisha, Mwalimu. Barua itasomwa mkutanoni Jumamosi, na katibu ameniomba nakala mbili, moja ya kubandikwa mlangoni kwa wale wasiohudhuria.