Lubumbashi: bustani ya nyumbani kabla ya baridi ya Juni, nianzie wapi?

mama_wa_katuba
Jambo yenu. Mvua zinaisha. Bustani yangu ya nyuma ya nyumba, mita 6 kwa 8, bado ina lengalenga (mchicha), matembele na nyanya zilizokauka majani. Maji ni ya kisima. Kufika Agosti, nikishatoa ya nyumbani, zinabaki kama ndoo kumi za lita 20 kwa siku. Ning'oe nini, nipande nini? Na nyanya zitavuka baridi?

papa_kafubu
Mama, anza na hesabu ya maji, mbegu zije baadaye. Mboga zinahitaji karibu lita 5 kwa mita moja ya mraba kila siku Juni na Julai. Septemba na Oktoba, jua linapochoma na mvua bado haijafika, ongeza hadi lita 7 au 8. Ndoo zako kumi ni lita 200, yaani kwa lita 8 za miezi ya jua kali zinatosha mita 25 za mraba, basi. Nusu nyingine iachie muhogo wa sombe (kisamvu): mizizi yake inajitafutia maji chini, hata kama majani yatapungua.

Matuta yabadilishe. Wakati wa mvua tunayainua ili maji yatoke. Kiangazi yanatakiwa kuwa chini: chimba sentimita 10 hadi 15, upana mita 1, udongo wa juu uurudishe ndani na ule wa chini uufanye ukingo. Tuta la kuinuka linakauka pembeni kwanza, na maji unayomwaga yanakimbilia njiani. Changanya samadi ya ng'ombe iliyooza, ndoo moja kwa mita 3 za mraba. Ya kuku tia nusu yake, na iwe imekaa miezi miwili. Ikiwa mbichi inaunguza mizizi.

Nyanya za zamani ng'oa zote, uzichome mbali na bustani. Lengalenga vuna sasa. Siku zikiwa fupi na maji haba inakimbilia kutoa maua, majani yanabaki madogo. Matembele kata vipande vya shina vya sentimita 30, uvipande vikibanana pale maji ya kuoga yanapopita, ili Novemba uwe na mbegu.

Baridi yenyewe ni rafiki wa kabichi, karoti, vitunguu na spinachi. Kitalu cha kabichi na vitunguu weka wiki hii. Kabichi hamisha baada ya wiki 4 hadi 5, sentimita 50 kwa 50. Vitunguu vinataka wiki 6 hadi 8, mpaka shina liwe nene kama kalamu ya risasi, halafu sentimita 10 kwa 20. Chagua aina ya siku fupi kama Red Creole. Za Ulaya zinazotaka siku ndefu zitakupa majani bila kichwa. Karoti usihamishe kamwe, zinapinda.

Nyanya: usiku wa baridi unaharibu chavua, maua yanadondoka. Sia mwanzo wa Juni, hamisha katikati ya Julai, maua yaje joto linaporudi Agosti. Miche ya kitaluni ifunike kwa nyasi juu ya fito jioni, uifunue asubuhi. Bustani ikiwa bondeni jihadhari zaidi, hewa baridi inatelemka na kulala huko.

mama_wa_katuba
Asante sana, papa. Nikifunika udongo kwa nyasi kavu, mchwa wanakuja. Nifunike au niache?

yaya_mboga
Funika, mama, bila kufunika utamwagilia mara mbili. Lakini usiweke rundo. Sentimita 5 zinatosha, na uache nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina. Tumia majani yaliyoanza kuoza, na uyaloweshe kila unapomwagilia. Mchwa wanapenda zaidi nyasi kavu kabisa. Mabua ya mahindi usiyazike ndani ya tuta: wakishayamaliza wanahamia kwenye mizizi ya kabichi.

Mwagilia asubuhi, chini ya mmea. Ukimwagilia jioni mwezi wa Julai, majani yanalala na maji na ukungu unaingia. Maji ya sabuni ya kufulia yapeleke kwenye migomba, si kwenye mboga za majani. Kila siku tatu geuza majani ya kabichi uangalie chini: vidukari hujikusanya kwenye majani machanga ya katikati, kama unga wa kijivu. Wakiwa wachache wafute kwa kidole. Ukingoja wiki mbili, kichwa hakifungi.

fundi_udongo
Nyongeza kwa wote, hasa walio upande wa mtaa wa Penga Penga. Upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, na kwa miaka mingi tangu 1911 umebeba moshi wa tanuri la kuyeyusha shaba la hapa mjini kuelekea huko. Udongo ule una shaba, risasi na kadimiamu, na mboga za majani ndizo zinazobeba zaidi. Udongo mchachu unaziachia metali hizo kwa urahisi, kwa hiyo leta udongo wa kichuguu, ambao hauna uchachu, ndoo mbili kwa mita ya mraba, pamoja na samadi nyingi. Hilo linapunguza tu, haliondoi. Walio karibu kabisa na tanuri wapande ndani ya magunia yenye udongo wa kuleta kutoka mbali.

Na popote ulipo mjini, vumbi la Agosti linakaa juu ya majani: osha mboga kwa maji mara tatu, jani kwa jani, kabla ya kukata.