MJADALA: Ndege zetu za pistoni za zamani, tubane mafuta au tuziache zinywe?

Mleta mada

Wakuu habari zenu, na wenzangu wa Dodoma poleni na vumbi. Naleta hii mada maana hapa hanga tumebishana mpaka basi na kila mtu ana dini yake. Kuna Cessna 206 ya ubia, ndege ndogo ya miaka ya sabini, injini Continental IO-520, wenye hisa wanataka waandike sheria moja ya kile kirungu chekundu cha mikscha, kinachoongeza au kubana mafuta yanayochanganyika na hewa ya injini. Wa upande ule wanasema usibane mafuta mpaka upite futi 5,000, na hata huko ubane kidogo tu, injini imezeeka na mafuta ndo yanayoipoza. Upande wa pili, na mimi nimo humo, tunasema bana, na ukishapanda ukatulia bana mpaka uvuke ng'ambo ya kilele.

Hiyo ya futi 5,000 mimi inanichekesha. Uwanja wa Dodoma wenyewe uko karibu futi 3,700 juu ya bahari, alafu siku ya jua kali nyuzi 30 hewa inakuwa nyepesi kama uko futi 6,000 na zaidi. Yaani ndege bado iko chini, matairi yanagusa lami, injini inavuta hewa ya futi 6,000, na wewe unaimiminia mafuta ya Dar. Itakuwa na nguvu saa ngapi? Hata kitabu cha Cessna 172 kinasema kiwanja kikiwa juu ya futi 3,000 fungulia throtoli yote umesimama, bana mikscha mpaka upate mizunguko ya injini ya juu kabisa, ndo uruke.

Sasa kwa wasiojua hicho kilele. Ukianza kuvuta mikscha taratibu huko angani, joto la ekzosi linapanda, linafika mwisho, alafu linaanza kushuka. Ule mwisho ndo kilele. Kabla ya kilele kuna mafuta ya ziada, ng'ambo yake kuna hewa ya ziada. Watu wengi wanajua hapo tu wanaishia. Ila kichwa cha silinda hakichemki sana pale kwenye kilele chenyewe, kinachemka zaidi kama digrii 40 au 50 za Farenhaiti KABLA ya kilele, na ndani ya silinda presha iko juu pale pale. Na vitabu vya zamani vya Cessna vinashauri ukae wapi? Digrii 50 kabla ya kilele! Kwa nguvu ndogo haina shida, ila mtu akifanya hivyo na nguvu asilimia 75 kwenye joto letu hili, anaipika injini akiamini anaitunza.

Ukivuka ng'ambo, digrii 20 mpaka 50, moto unawaka polepole, presha inashuka, kichwa kinapoa, plagi zinakuwa safi. Kwa hiyo 206 ukikaa huko unatumia kama lita 48 kwa saa wakati kwa mikscha nzito unakula 55 na kuendelea, na huko ng'ambo unapoteza spidi kidogo tu. Na avgasi, petroli ya ndege, sio kitu unakuta kila kiwanja, mtu akienda viwanja vya vumbi kule kusini lazima abebe ya kwenda na kurudi, kila lita ni gramu 720 za mzigo ambazo abiria angekaa.

Na haya sio mambo ya YouTube kama mzee mmoja alivyoniambia. Yule rubani maarufu wa Marekani, Lindbergh, mwaka 1944 alienda Pasifiki akawafundisha marubani wa ndege za kivita za P-38 kupunguza mizunguko na kubana mikscha wakafika mbali kuliko walivyozoea. Ndege za abiria za zamani, Constellation na DC-7 zenye injini Wright R-3350 zilivuka bahari hivyo hivyo na fundi wa ndani ya ndege amekaa pembeni anabana. Ndege ndogo ya Piper Malibu ya 1984 kitabu chake kabisa kiliagiza kusafiri ng'ambo ya kilele.

Karibuni, matusi hapana.

Fundi Spana

Mleta mada umesoma, sikatai. Ila Malibu ilitoka kiwandani imeandaliwa kwa kazi hiyo na hizo Constellation zilikuwa na mtu analipwa mshahara wa kuangalia injini tu, nyie hiyo 206 yenu ina nini? Ina geji MOJA ya joto la ekzosi, imechomekwa sehemu moja. Silinda sita. Hizo nyingine nani anaziangalia, mganga?

Mimi ndo nafungua hizo injini. Hizi Continental za zamani hazigawi mafuta sawa, silinda ya kwanza ikiwa imeshavuka kilele ya tano bado iko kwenye moto wenyewe, rubani anasikia injini inatetemeka kidogo anarudisha mikscha kidogo, basi amezipaki pale pale uliposema pabaya, silinda mbili tatu, masaa yote. Alafu weka umri: zile hosi za raba zinazopeleka hewa kwenye silinda zimekauka kwa jua la hapa, zina nyufa, silinda inavuta hewa isiyopimwa. Magneto inayotoa umeme wa cheche za plagi haijaguswa muda mrefu. Mikscha nyepesi ni ngumu kuiwasha, plagi ikiwa imechoka tu ndege inaanza kukohoa abiria anakamata mlango.

Ukiingiza boroskopu, ile kamera ndogo ya kuchungulia, kwenye silinda isiyo na tatizo, valvu ya ekzosi uso wake unakuwa na rangi za duara, nyekundu ya tofali katikati inafifia sawasawa mpaka ukingoni. Inayoungua utaona upande mmoja wa ukingo umebadilika, kama kijani hivi, duara limekatika. Hiyo ukiiacha siku moja kipande kinaondoka na uko juu ya pori la Rungwa. Kwa hiyo lita saba kwa saa mimi hazinitishi kabisa. Silinda moja mpya na usafiri wake na kuigomboa bandarini inakula hizo lita zote za mwaka.

Lycoming wenyewe, watengeneza injini wengine, miaka yote hawajawa washabiki wa hiyo ng'ambo yenu. Fuateni kitabu cha ndege, mamlaka wakija kukagua wanauliza kitabu, hawaulizi Lindbergh alifanyaje.

Rubani Mwanafunzi

Shikamooni wakubwa. Mimi najifunza kwa 172 ya kabureta, mwalimu anasema mikscha mbele mpaka mwisho kuanzia kuwasha mpaka kupaki. Mara nyingi tukijaribu magneto upande mmoja injini inatikisika vibaya, tunaongeza mizunguko tunasubiri inakaa sawa. Ni kawaida au tunaharibu?

Fundi Spana

Marahaba. Hapo hata mimi siko na mwalimu wako. Injini yenu kama ni O-320 ya mgandamizo wa 7 kwa 1 ilitengenezwa kwa avgasi ya oktani 80 ambayo haikuwa na madini ya risasi mengi, sasa mnaiwekea avgasi ya siku hizi, 100LL, yenye risasi mara nne. Ikiwa chini mizunguko midogo na mikscha nzito plagi haipati joto la kutosha kuifukuza hiyo risasi, ukiifungua unakuta vipunje vya kijivu vimejikunja ndani kama mtu kamwaga shanga. Nazitoa na sindano kimoja kimoja. Ndo huo mtikisiko.

Ukishawasha tu bana mikscha, na ubane SANA, kiasi kwamba ukisahau ukasukuma throtoli kuruka injini inagoma pale pale, haikupeleki katikati ya njia ndo izime. Mizunguko 1,000 hadi 1,200 ukiwa umesimama. Kabla ya kuzima pandisha 1,800 sekunde kumi na tano ishirini. Hii ya chini sina ugomvi na mtu.

Mkazi wa Mjini

Samahanini mimi sio wa ndege, nilivutwa na kichwa cha habari. Hapo kwenye risasi nimeshtuka. Si ilishapigwa marufuku? Nakumbuka petroli ya magari yenye risasi iliondolewa Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na Algeria ndo walimalizia 2021 dunia nzima ikashangilia. Kumbe kuna watu bado wanaimwaga juu ya mabati yetu? Uwanja uko katikati ya mji, watoto wanacheza, maji ya mvua tunakinga. Nyie mnabishana valvu, mimi nauliza kwa nini hizo ndege za zamani zisisimamishwe tu, au zihamishiwe uwanja wa Msalato huko pembeni ya mji zote. Mwenye pesa ya kununua ndege anakosaje pesa ya kubadili injini?

Mleta mada

Mkazi, swali lako ni la haki na sitaki kulizungusha. Ndiyo, 100LL ina risasi, mpaka gramu 0.56 kwa lita, na hakuna kiwango salama cha risasi kwa mtoto. Marufuku ya 2006 ilihusu petroli ya magari, ndege za pistoni zikaachwa kwa sababu zenye mgandamizo mkubwa kama hiyo 206 bila oktani ya juu injini inagonga, na injini ikigonga angani huwezi kupaki pembeni.

Pesa: unafikiri ndege ni kama V8. Hizi ndege nyingi bei yake ni ya gari la kawaida la mtu mwenye nafasi, injini mpya ya dizeli inayokunywa mafuta ya jeti inaweza kuwa ghali kuliko ndege nzima. Ukizisimamisha wenye Cessna Caravan, ndege kubwa kidogo, hawasikii chochote, wao injini zao ni tabaini, hazinywi avgasi, wanaoumia ni shule za marubani na wanaopeleka mtu na dawa kwenye viwanja ambavyo Caravan haijazi viti. Kuzihamisha Msalato sawa, ila risasi inakuwa ya watu wa Msalato.

Marekani walishaidhinisha avgasi ya G100UL isiyo na risasi Septemba 2022 na wanalenga kuondoa risasi ifikapo 2030. Ulaya tangu Mei 2025 hiyo kemikali ya risasi inayotiwa kwenye avgasi inahitaji kibali maalum. Siku wakizima kabisa huko na sisi tutakosa pa kuagiza, tutake tusitake. Kwa sasa kinachopunguza risasi juu ya bati lako leo hii ni kuchoma lita pungufu, ndo maana nasema kubana sio suala la mfuko wa mwenye ndege tu. Ukipunguza mafuta asilimia 15 umepunguza na risasi asilimia 15.

Fundi Spana

Hiyo isiyo na risasi nayo msiipakie sukari. Chuo cha North Dakota huko Marekani walijaza UL94, avgasi nyingine isiyo na risasi, kwenye ndege zao, 2023 wakarudi 100LL wenyewe baada ya kuona viti vya valvu vinalika. Na G100UL kuna wenye ndege wanalalamika rangi kubabuka na sili kuvimba. Na kuna mwingine atakuja kusema tuweke petroli ya sheli, ni kweli kibali kipo tangu 1982 kuanzia Cessna 150, ila hasa kwa injini za mgandamizo mdogo na isiwe na ethanoli, na kwa joto la hapa petroli ya sheli inageuka mvuke kwenye paipu kabla hujamaliza kupanda. Kwa 206 yenu sahauni.

Mleta mada

Nakubali yote hayo. Turudi kwenye sheria ya ubia maana ndo iliyonileta.

Fundi, hoja yako ya geji moja ni nzito na mimi sitaki mtu abane kwa geji moja akiwa na nguvu kubwa. Ila angalia, tatizo ulilolitaja ni silinda kutolingana, hosi zilizopasuka na plagi zilizochoka. Ukiwa na mikscha nzito hayo matatizo yapo vile vile, yamefunikwa tu, kama jiko la mchina lenye moto wa njano, linaiva lakini sufuria imejaa masizi na hujui utambi upi mbovu. Mikscha nyepesi inakuonyesha. Jaribu magneto ukiwa ng'ambo ya kilele, plagi iliyochoka inajitaja yenyewe, chini ungeambiwa iko poa.

Na kuna kitu hamna aliyekisema, nani analipa. Ndege ikikodishwa bei ikiwa na mafuta ndani, rubani anasukuma mikscha mbele anasahau. Ikikodishwa kavu, mafuta juu yako, yule yule rubani anabana mpaka injini inalia. Hakuna aliyebadilisha imani yake kuhusu valvu hapo, bili imehama tu. Kwa hiyo sheria yoyote isipotaja bili ni karatasi.

Ninachopendekeza mimi: mita inayosoma silinda zote sita, joto la ekzosi na la vichwa, na kipimo cha mafuta kwa saa. Hapo kwanza. Bila hiyo mikscha nzito kabisa juu ya asilimia 60 ya nguvu, na chini ya asilimia 60 bana utakavyo maana huko huwezi kuiumiza. Mita ikiwepo tufanye jaribio, nguvu asilimia 65, vuta taratibu, andika kila silinda imefika kilele mafuta yakiwa lita ngapi. Ya kwanza na ya mwisho zikipishana chini ya lita 2 kwa saa tunavuka ng'ambo bila wasiwasi. Zikizidi tunabadilisha nozeli zinazopulizia mafuta kwenye silinda ili zilinganishwe, kuna kampuni ya GAMI ya Oklahoma wanatengeneza hizo hizo. Na kichwa cha silinda kisizidi 400 Farenhaiti hata kama mstari mwekundu wa Continental uko 460.

Mwenye Cessna 182 ya kabureta asiige hii. Injini yake ya O-470 kugawa mafuta ni balaa, huko rudisha throtoli kidogo tu isiwe wazi kabisa na weka hita ya kabureta kiasi, mchanganyiko unachanganyika vizuri, alafu bana mpaka ianze kutetemeka rudisha kidogo, basi, ukiwa na nguvu ndogo.

Fundi Spana

Hapo sasa tunaongea. Ukiniletea namba za silinda sita nasaini, sina shida na ng'ambo yako. Ila hilo jaribio hamlifanyi kabla sijabadilisha hosi za raba zote na kupima magneto, la sivyo mtaagiza nozeli za kusahihisha uvujaji wa hewa. Na hosi mnalipia kabla sijafungua kava, mara ya mwisho wenye hisa walipokezana mpira mpaka nikanunua gasketi kwa hela yangu.