Nimepewa 2 kati ya 5 kwenye "ushirikiano". Nimeomba mfano, najibiwa "unajua mwenyewe"

Wakuu, niko Isevya kwa muuza kahawa, kichwa kinawaka moto. Niacheni niseme.

Mimi ni mtunza stoo wa kampuni moja hapa Tabora mjini, mwaka wa nne huu. Magari ya Urambo na Kaliua yakiingia saa 5 usiku, anayeamshwa ni mimi. Mwaka mzima bosi hajawahi kuniita akasema hapa unakosea. Juni stoki ilikubali mpaka mfuko wa mwisho, akanitupia dole gumba kwenye grupu la WhatsApp. Nikajua tuko sawa.

Jana naitwa, nakuta fomu ya tathmini imeshajazwa. Ushirikiano: 2 kati ya 5. Maoni: "Anahitaji kubadilika." Nibadilike niwe nini, kinyonga? Nikamwambia kwa heshima zote, bosi, naomba mfano mmoja tu, siku gani na nani, nijue pa kurekebisha. Akafunika kalamu yake: "Unajua mwenyewe."

Ningekuwa najua ningeuliza?

Kinachoniuma zaidi, kosa ninalo. Machi nilichelewesha ripoti ya mwezi, Aprili tena, watu wa uhasibu wakakwama kwa ajili yangu. Angenitajia hilo ningeinamisha kichwa nikasema samahani mzee. Halimo kwenye fomu! Kosa langu la kweli hawalijui, naadhibiwa kwa lisilo na jina.

Na alama hizi si za kupamba faili. Nafasi ya usimamizi wa stoo iko wazi, na bila wastani wa 3 huombi. Mitihani ya PSPTB (bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi) najilipia mwenyewe maana kila mwaka bajeti ya mafunzo hakuna (ya wakubwa kwenda semina Dar ipo, tuyaache hayo).

Sasa nimenunua kauntabuku. Kila mzigo, kila agizo, hata "kazi nzuri" ya mdomo, naandika na tarehe. Kila mwisho wa mwezi nitamfuata mwenyewe nimuulize nimeteleza wapi, nikitoka namtumia barua pepe: bosi, tulichozungumza ni hiki. Mwenzangu anasema nitaonekana mjuaji. Acha nionekane.

Jamaa wa chama cha wafanyakazi kanionyesha Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Kabla mwajiri hajamwachisha mtu kazi kwa utendaji duni, anatakiwa kwanza amwelekeze na ampe muda wa kujirekebisha. Mimi sijafukuzwa, lakini hayo maelekezo yenyewe ndiyo "unajua mwenyewe"?

Fomu ninayo hapa, inatakiwa Ijumaa. Sehemu ya "maoni ya mfanyakazi" ina mistari miwili tu. Mliopitia haya, nisaini niandike sikubaliani, au nisisaini mpaka nipewe mfano? Na nyie wa utumishi mliomo humu, naruhusiwa kuambatanisha karatasi yangu?